Mkono Mweupe Dirishani

Kila asubuhi Mélanie alipika chai ya maziwa, akamwamsha binti yake Ikirezi, kisha akavaa sare ya kazi. Alikuwa anatunza wazee hapa Fairfield, ughaibuni. Mume wake, Vénérand, alipakia mizigo kwenye ghala huko Smithfield.

Mwaka ule wa korona, mtaa wao ulinyamaza. Helikopta ilizunguka juu. Askari walipita wakigonga milango. Mapazia yalifungwa kila nyumba, na bembea ya watoto ilicheza peke yake kwa upepo.

Halafu ukaonekana mkono.

Ulitoka dirisha la juu, nyumba ya ng'ambo ya barabara. Ulikuwa mweupe pe. Ulipunga polepole, kushoto na kulia, na barabarani hapakuwa na mtu.

"Funga rideau, pazia hilo, Mama Ikirezi," Vénérand alisema. "Yule anatuhesabu."

"Dad, she's just waving," alisema Ikirezi.

"Kwa nani? Unaona mtu?"

Msimcheke Vénérand. Alikulia Burundi, kisha kambini Tanzania. Huko alijifunza kwamba anayekaa dirishani anaangalia nani katoka, ili akaseme. Basi wakaishi gizani mchana kweupe.

Askari waliondoka, lockdown ikaisha, lakini watu waliendelea kujifungia. Uchaguzi wa baraza la mji ukakaribia. Jirani yao Fébronie akampigia Mélanie simu.

"Gombea, dada. Mimi habari za chanjo zilinifikia nikiwa tayari mgonjwa, sababu Kiingereza sijui. Kule council nani anajua tunavyoishi?"

Mélanie alitaka sana. Vénérand akakataa katakata.

"Kaka yangu aligombea," alisema. "Waliompigia kura walijulikana mmoja mmoja. Yeye mwenyewe hatukumwona tena. Unataka Ikirezi abaki na nani?"

Asubuhi iliyofuata, mkono ule ulikuwa unatetemeka. Mélanie aliogopa, lakini mtunza wazee hawezi kuona hivyo akakaa. Akavaa barakoa, akavuka barabara. Vénérand akamfuata akihema.

"Bibi, unaumwa?" Mélanie aliita kutoka chini.

Dirishani alisimama bibi wa Kijapani, mwembamba, amevaa glavu nyeupe. Aliitwa Setsuko. Kiingereza chake kilikuwa cha taratibu.

"Siumwi. Nimezeeka tu. Nasalimia watu."

"Watu gani? Hakuna mtu!" Vénérand alisema.

"Wako nyuma ya mapazia. Nyinyi si mlikuwepo?"

Vénérand akageuka, akayatazama mapazia ya nyumba yao.

Mélanie akamwambia kwamba anataka kugombea, naye bibi akawaeleza yake. Huko Japani, yeye ndiye mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mji wao. Wagombea wa kwao huvaa glavu nyeupe ili mkono uonekane kwa mbali. "Wanaume walisema nikae jikoni. Nilipopita, madirisha yalifungwa. Nikayapungia hivyo hivyo. Wanawake waliniona kwenye nyufa. Wakanichagua, na waume zao hawakujua."

"Hawakujua vipi?" Vénérand aliuliza.

"Kura ni siri. Hapa pia. Jina lako litatiwa alama kwamba umefika, lakini karatasi ya kura haina jina lako. Unaijaza peke yako, unaikunja, unaitumbukiza sandukuni. Hata mkeo hatajua. Naye kama ameandikishwa kupiga kura, anaruhusiwa kugombea."

Akazivua glavu, akazidondosha. Zikaangukia miguuni pa Mélanie.

Jumamosi Mélanie, sasa mgombea, alizivaa, na Vénérand hakumzuia. Alitembea katikati ya mtaa akizipungia nyumba zilizofungwa. Viatu vyake tu ndivyo vilivyosikika. Je, kama kweli hakuna mtu? Ndipo pazia moja likasogea, mkono ukatokea. Kisha mwingine, na mwingine. Hapakuwa na uso hata mmoja, ni mikono tu, mtaa mzima. Mélanie alilia ndani ya barakoa.

Desemba alichaguliwa. Jambo la kwanza aliloomba ni mikutano ya kueleza chanjo kwa Kiswahili na Kirundi. Fébronie alikaa kiti cha mbele.

Lakini asubuhi baada ya matokeo, dirisha la Setsuko lilikuwa tupu. Vénérand aliacha chai, akakimbia, akagonga mlango. Kimya. Akagonga tena.

"Nimelala!" sauti ikajibu. "Mtaa sasa una mtu wa kuusalimia. Niache nipumzike."

Vénérand alirudi nyumbani, akafungua mapazia yote. Kisha akasimama dirishani, akaipungia mkono barabara tupu.