Kiota cha Shahidi Mmoja

Basi lilikuwa limekwisha kuondoka kwenye maegesho, linajipenyeza kati ya mikokoteni ya mizigo na wauza maji, na shangazi alikuwa bado anatoa maagizo. Kioo kilikuwa kimefungwa, sauti haitoki, lakini midomo ilikuwa haisimami: funga bomba, usisahau dawa ya mende, kula ushibe. Binti wa kaka yake alitembea sambamba na basi, akiitikia kwa kichwa kila agizo bila kusikia hata moja, gauni lake la kijani kibichi likipulizwa na moshi wa gari. Basi likakata kona. Mkono wa shangazi ukapunga mara ya mwisho, ukapotea.

Hapo ndipo alipokanyagwa.

Aliyemkanyaga alikuwa anatembea kinyumenyume, uso ameuelekeza mbinguni, darubini machoni, buti zimejaa tope jekundu lililokauka. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri upande wa mbele tu.

"Kaka, huna macho?"

"Ninayo, dada, ila yalikuwa juu. Nisamehe."

Binti akatazama alikokuwa anatazama yule bwana. Kwenye nyaya za umeme, kutoka nguzo hadi nguzo, mbayuwayu walikuwa wamekaa bega kwa bega kama abiria waliokata tiketi.

"Unawahesabu?"

"Nilikuwa nawahesabu. Sasa wamechanganyika na mguu wako."

Binti akacheka bila kutaka. Yule bwana akaeleza, kwa haraka kama mtu aliyezoea kukimbiwa akiwa katikati ya maelezo, kwamba hawa ni wageni, wanafunga safari. Wenyeji wana kifua cheupe. Hawa, chini ya koo jekundu, wana mkanda mweusi uliokata kifua kizima. Kila mwaka huja kula, na majira ya kutaga yakikaribia hurudi kwao, nchi za baridi.

"Kwetu wanakuja kula tu," alisema. "Ndoa na uzazi ni kwao."

"Kama wajomba zangu."

Basi wakaongea. Yule bwana alikuwa mpima ardhi, na siku zake za mapumziko alikuwa mwandishi wa kumbukumbu za chama cha watazamaji ndege. Chama kilikuwa na ramani, na kwenye ramani kulikuwa na mistari inayoonyesha kila ndege anazalia wapi. Miaka ya karibuni mistari ilikuwa inahama. Joto limebadilika, mvua zimebadilika, ndege nao wanabadilika. Kuna miji ya mbali ambako mbayuwayu wachache hawakuondoka. Walibaki, wakajenga, wakazaa. Hapa kwao, bado.

"Ukimwona mmoja amebaki, nipigie," akasema, akampa namba.

"Hiyo ndiyo njia yako ya kuombea namba za wasichana?"

"Sijaomba yako. Nimekupa yangu."

Binti alikuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali kubwa ya mji, na wenzake walimwita Dada Mifupa. Kazi yake ilikuwa na jambo moja lililomkereketa siku zote. Yeye ndiye aliyewalaza watu mezani, akavaa aproni nzito ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, akawaambia washike pumzi, na picha ikitoka yeye ndiye wa kwanza kuona ufa kwenye mfupa au kivuli kwenye pafu. Lakini hakuruhusiwa kusema. Mgonjwa akimwuliza, "Mwanangu, umeona nini?" alitakiwa kujibu, "Daktari atakuambia." Miaka yote hiyo alikuwa akiona na kufunga mdomo.

Wageni wakaondoka, nyaya za kituo cha mabasi zikabaki tupu. Na siku moja, akila chakula chake dirishani kwenye chumba cha kuhifadhia filamu, upande wa nyuma wa hospitali, akaona mbayuwayu amebeba tope mdomoni. Chini ya ukingo wa zege, juu kidogo ya dirisha, kibakuli cha udongo kilikuwa kimekwisha kuanzwa. Akasogea hadi pua ikagusa wavu. Koo jekundu. Mkanda mweusi, mzima, hauna pengo.

Akapiga simu. Mpima alikuwa kazini milimani, mtandao unakatika.

"Rudia," alimwambia. "Mkanda umekamilika?"

"Umekamilika. Nimeutazama kama ninavyotazama ubavu uliovunjika."

Upande wa pili kifaa cha kupimia kikaanguka juu ya mawe.

"Mama wee," akasema taratibu. "Wewe mwanamke, unajua umeona nini?"

Tangu siku hiyo simu hazikukoma. Kila jioni Mpima alipanda juu ya jiwe fulani lenye mtandao, na kila jioni Dada Mifupa alimpa habari: kiota kimekamilika, mama ameatamia, baba anamletea wadudu. Katikati ya habari za ndege kukaingia habari nyingine. Umekula? Umevaa nini? Aproni ya risasi na ndala. Basi umependeza, laazizi. Wewe, jina hilo limetoka wapi? Limeponyoka. Lirudishe. Halirudi, limekwisha ruka.

Tatizo lilikuwa moja. Chama kilikuwa na sheria, na mlinzi wa sheria alikuwa mwenyekiti, mkunga mstaafu mwenye miwani ya kamba. Ndege akizaliana mahali ambapo hajawahi kuzaliana, lazima aonwe na watu wawili, kila mmoja kwa macho yake. Wanasikilizwa mmoja mmoja, mwingine akisubiri nje ya mlango. "Nimezalisha wanawake maisha yangu yote," mkunga alikuwa akisema, "na nimedanganywa tarehe na kila aina ya mdomo. Nataka wawili." Picha za simu zilizopigwa kupitia wavu zilitoa kivuli tu, na Mpima alimtania kwamba mpiga picha mzima anapatia mifupa, ndege anamshinda. Dada Mifupa aliwaita wenzake dirishani. Wakatazama, wakasema ee, ndege, wakarudi kwenye chai yao.

"Njoo uone," akamwambia Mpima, makinda yalipoanguliwa. "Midomo yao ya manjano kama ua la boga. Njoo, sitaki kuona peke yangu."

"Nakuja. Mvua tu hii."

Kabla hajafika, hospitali ikaleta wapaka rangi. Walianza na ukuta wa nyuma. Kabla ya kupaka, waliusafisha kwa bomba la maji ya nguvu. Dada Mifupa alikuwa na mgonjwa mezani, amemwambia ashike pumzi, aliposikia maji yakigonga dirisha. Alipotoka, ukingo ulikuwa mweupe na msafi, na maji yalikuwa yanaingia kwenye mfereji na kila kitu kilichokuwamo.

Mpima alifika alasiri ya siku hiyo hiyo, tope hadi magotini. Alimkuta ameketi kwenye ngazi za nyuma, ameshika bakuli la chuma la wodini lenye donge la udongo na nyasi mbili tatu. Udongo hausemi umejengwa na nani.

"Hakuna mwingine aliyeona," alisema. Hakuwa analia kwa sauti. Machozi yalikuwa yanatiririka tu. "Nimeona, na ni kama sikuona."

Mpima akachuchumaa mbele yake.

"Mimi nimeona," akasema.

Dada Mifupa akainua uso.

Mpima akamwambia kwamba jana yake aliletwa mjini mara moja na gari la kazini kuchukua vifaa, akazunguka nyuma ya hospitali, akasimama chini ya ukingo, akaona yote: mama, mkanda, midomo ya manjano. Dereva alikuwa anapiga honi, hakupata nafasi ya kumwita.

Dada Mifupa aliweka bakuli chini, akamshika mikono yote miwili. Ikiwa kuna saa aliyompenda, basi ni ile. Katika ulimwengu mzima walikuwa watu wawili.

Chama kikakaa kwenye chumba kilicho nyuma ya maktaba. Dada Mifupa aliingia kwanza, akasema alichokiona, wala hakuna aliyemwambia daktari ndiye atakayesema. Kisha akatoka akasubiri kwenye korido, na Mpima akaingia. Mkunga aliwakubali. Ramani mpya ingepelekwa kuchapishwa na mstari ungesogezwa hadi kwenye mji wao.

Shangazi aliporudi safari alitaka kumwona huyo anayemchekesha mwanawe kwenye simu. Mpima akaja kwa chakula cha mchana, amepiga pasi shati pande zote, akaja na mzee anayefanya naye kazi, aliyeitwa Mzee Futi kwa sababu ndiye mshika futi kamba. Shangazi alimpenda Mzee Futi kuliko mkwe mwenyewe, kwa kuwa alikula na akaomba tena. Na mtu aliyeshiba husimulia. Akasimulia jinsi mvua ilivyochukua daraja, wao wakabaki ng'ambo na biskuti.

"Na huyu bwana kila jioni juu ya jiwe na simu yake. Kiota, kiota! Siku walipoweka daraja la muda aliniacha na mizigo barabarani, akakimbilia hospitali kama anayekwenda kujifungua."

Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu. Dada Mifupa alikuwa ameshika jagi la maji.

"Kabla ya siku hiyo hakutoka? Hata kuchukua vifaa?"

"Atatokaje, mwanangu? Ana mbawa?"

Aliweka jagi mezani polepole, akaenda jikoni. Mpima akamfuata.

"Ulikuwa unalia," alisema, kabla hajaulizwa.

"Hukuona."

"Sikuona. Lakini nilikuamini, wallahi nilikuamini."

"Ungeniamini ungewaambia hivyo. Ungesema, sikuona, lakini huyu ninamwamini. Wewe umewauzia macho yangu ukisema ni yako." Sauti yake ilikuwa ya chini, wageni walikuwa sebuleni. "Nilidhani tuko wawili. Kumbe nilikuwa peke yangu, na wewe umekaa unanihurumia."

"Nikiwaambia, watakufuta."

Dada Mifupa alifungua bomba. Aliosha bilauri iliyokuwa safi, akaiosha tena, mpaka Mpima akaondoka.

Shangazi alijaribu kusuluhisha kwa njia yake. Mwanamume akidanganya kwa ajili yako, alisema, huyo ni wa kushikwa. Wa kwake yeye alidanganya kwa ajili ya wengine. Haikusaidia. Simu iliita, ikaita, ikanyamaza. Kazini Dada Mifupa aliona nyufa na vivuli, akafunga mdomo kama kawaida. Lililomuuma zaidi ni kwamba alichosema kilikuwa kweli tupu, na sasa kilikuwa kimesimama juu ya uongo, na akiuvuta uongo kitaanguka chote. Kwa hiyo hakuuvuta. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kukamwonyesha kwamba hamzidi sana yule aliyekuwa anamkasirikia.

Chama kikaitwa kupitisha ramani kabla haijachapishwa. Alikwenda, amevaa nguo nyeusi bila kukusudia. Mpima alisimama. Mkunga, kwa sheria yake, akamwonyesha Dada Mifupa mlango.

"Abaki," Mpima akasema. "Hili si la kusemea nyuma ya mlango."

Akalisema, kwa maneno machache, akitazama meza. Hakuona kiota. Alikuwa ng'ambo ya mto. Alichosema mbele yao alikisikia kwa simu kutoka kwa mwenzake, ambaye siku ile hakujua kwamba ni uongo. Mwenzake ndiye aliyeona kweli.

Mkunga alivua miwani. "Ulikuwa mwandishi wetu," alisema. Kalamu ikapita juu ya mstari, ukarudi ulikokuwa. Walimwondoa Mpima kwenye uandishi, na taarifa ya Dada Mifupa ikawekwa na zile zisizothibitishwa.

Dada Mifupa alitoka bila kumtazama mtu. Siku nyingi zilipita akiwa na hasira, ila hasira yenyewe ilikuwa inapungukiwa na mashiko. Akijaribu kumwita mwongo, anamwona amesimama pale, akijivunjia chama alichokipenda kuliko kitanda chake. Mchana mmoja, saa ya chakula, akiwa amekaa kwenye meza ya wagonjwa na aproni bado mwilini, akapiga.

"Nina swali moja."

"Uliza."

"Siku ile ya kwanza nilipokupigia. Uliniamini lini?"

"Kabla hujamaliza kusema."

Akavuta pumzi. "Siku nyingine nikilia, niache nilie."

"Nitakuacha. Nitakaa karibu."

"Karibu kiasi gani?"

"Utapima wewe."

"Mpima ni wewe, bwana."

"Basi nipime karibu sana," akasema. "Nioe, mama. Au nikuoe. Vyovyote unavyotaka iandikwe."

Alivua aproni, akaitundika, mpaka Mpima akauliza kama bado yuko.

"Nipo," alisema. "Ndiyo. Ila kiota mimi nilikiona."

"Ulikiona."

"Wewe hukukiona."

"Sikukiona."

Wakaoana majira wageni walipokuwa wamerudi kwenye nyaya. Hakuna mbayuwayu aliyejenga tena hospitalini. Ukingo unapakwa rangi kila mwaka. Baadaye walimu wawili wa mji wa jirani walikuta kiota chini ya kalavati, wakakiona wote wawili, na mstari ukasogezwa kwa taarifa yao. Mkunga aliendelea na uenyekiti hadi masikio yalipokataa. Mzee Futi alistaafu, na shangazi akawa anampikia siku za mapumziko, jambo ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulitaja. Mpima alirudishwa kwenye chama kama mwanachama wa kawaida, asiye na haki ya kushuhudia. Dada Mifupa bado yuko eksirei. Taarifa yake bado iko kwenye zisizothibitishwa.