Shuka Lililofuliwa Upesi

Siku hiyo dukani kwa dobi kulijaa watu, kila mmoja na furushi lake kifuani. Fundi cherehani alikuwa amefuata gauni la mteja, la zambarau, lenye lesi mabegani. Dobi alipolikunja, pini iliyosahauliwa kwenye pindo ikamchoma.

"Dada, gauni lako linauma!"

"Halijakuzoea tu."

Ikaanza hivyo. Simu asubuhi, simu mchana, na baada ya miezi minane wakaoana.

Wiki ya tatu ya ndoa, wakiwa kitandani, raha ilipomfikisha kileleni maji yakamtoka bi harusi, mengi, shuka likalowa chapachapa. Akaganda. Nimejikojolea, mtu mzima mimi! Kabla hajafungua mdomo, mumewe alishainuka, akalitandua shuka na kulitumbukiza kwenye beseni.

Nimemtia kinyaa, akawaza. Asubuhi akafunga begi, akaenda kwa shangazi yake, muuguzi wa kliniki ya akina mama.

Siku tisa alishona kwa ganzi. Mguu unakanyaga cherehani, mkono unasukuma kitambaa, yeye mwenyewe hayupo. Simu ikilia, anaitazama kama ya mtu mwingine. Hata chozi halikuja.

Siku ya kumi shangazi akavuta kigoda.

"Mwanangu, nimenyamaza vya kutosha. Amekupiga?"

"Hapana, shangazi."

"Ana mwingine?"

"Hapana. Ni mimi. Nilikojoa kitandani. Tukiwa... pamoja."

Shangazi hakucheka.

"Wakati wa utamu wenyewe?"

"Ndiyo."

"Ukikohoa au ukicheka, mkojo unakutoka? Unaumwa? Umeona damu?"

"Hapana."

"Basi huko si kujikojolea. Kuna vitezi karibu na njia ya mkojo, raha ikizidi hutoa maji. Pengine huchanganyika na mkojo kidogo wa kwenye kibofu. Kuna wanaotokwa nayo, kuna wasiotokwa nayo maisha yao yote, na wote wazima. Ungekuwa na maumivu, damu, au kuvuja ovyo, ningekupeleka upimwe."

Aliyasikia yote, lakini moyo haukuruka kwa furaha.

"Sasa mbona alikimbilia beseni?"

"Muulize yeye. Mimi sikuwepo."

Akampigia mumewe simu.

"Mke wangu! Uko salama?"

"Kwa nini ulifua lile shuka?"

"Shuka? Mimi si dobi? Nikiona kitu kimelowa, mkono unakwenda wenyewe! Hata ugenini supu ikimwagika, mimi ndiye wa kwanza kutandua kitambaa cha meza."

"Nilidhani nimekutia kinyaa."

"Kinyaa! Mimi nilidhani nimekuumiza. Tangu uondoke najilaumu peke yangu, hata kwa pasi nimeunguza mashati mawili."

Bi harusi akashusha pumzi ndefu.

"Siku nyingine usiinuke. Nishike kwanza."

"Nitakushika, mpenzi. Nije nikuchukue?"

"Njoo."

Akakata simu. Furaha ilikuwa bado haijafika. Ila tumbo likanguruma, kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Shangazi," akaita, "kuna chochote cha kula?"