Sindano Ukingoni mwa Uwanja

Zzzip. Kabla ya alfajiri, zipu ya mkoba ilifunguka gizani. Ikafungwa. Ikafunguliwa tena. Mama yake, fundi cherehani, akajua binti yake yuko macho, anakagua viatu vya mpira kwa mara ya tatu.

"Kifungo, lala mwanangu."

Kifungo, jina la utani alilopewa kwa udogo wake, alikuwa na miaka sita. Nje ya nyumba hiyo, sauti yake haikujulikana. Shuleni haitiki hata akiitwa. Mwalimu alikwishasema: asipozungumza kufikia mwisho wa muhula, atabaki chekechea. Ndiyo maana mama alimwandikisha kwenye mpira wa watoto wa Jumamosi, apate kuzoea kuzungumza na wenzake.

Jumamosi tatu zilikuwa zimepita vilevile. Mama anasimama ukingoni, anapaza sauti mpaka inakauka: nenda kulia, piga, rudi, sio hivyo. Kifungo akipata mpira, anageuka kwanza kumtazama mama. Wenzake wanauchukua.

Siku hiyo ya nne, mkufunzi alimvuta mama kando. Alikuwa jirani yao, muuguzi mwenye utani mwingi.

"Dada, nikusajili wewe? Maana anayecheza ni mdomo wako."

"Namsaidia. Akikosea si watamcheka?"

"Watacheka, naye atazoea kucheka nao. Ukimwambia kila hatua, anasikia kwamba yeye mwenyewe hajui kitu. Mwache aamue, hata vibaya. Na mkirudi nyumbani usimuulize kafunga mangapi. Muulize amefurahia nini."

"Nitanyamazaje? Moyo unanienda mbio."

Muuguzi akamketisha, akamwekea furushi la fulana mapajani, na namba za kitambaa, sindano na uzi juu yake. "Zishone. Uzi ushike kwa meno. Tuone utapigaje kelele."

Mama akashona. Alijidunga mara mbili. Kifungo alimtafuta kwa macho, akaona kichwa kilichoinama tu. Jumamosi iliyofuata aliupiga mpira bila kugeuka. Ukaenda kusikotakiwa, wenzake wakaangua kicheko, naye akacheka. Njiani mama akauliza, "Umefurahia nini leo?" Mtoto akasimulia mpaka mlangoni. Lakini shuleni, bado kimya. Zikabaki wiki mbili muhula uishe.

Jumamosi ya sita mpira ulitoka nje, ukatua karibu na mama. Kifungo akaukimbilia. Mvulana mmoja mrefu akamtangulia, akaukumbatia.

"Toka hapa, bubu wewe."

Neno lilimfika mama kwenye ncha ya ulimi. Akaung'ata uzi. Kifungo alimtazama. Mama akainamisha macho kwenye fulana, akahesabu mishono: mmoja, miwili, mitatu. Wa nne haukuisha. Akasikia sauti ndogo, iliyonyooka, ambayo hata muuguzi upande wa pili aliisikia:

"Nipe mpira, ni zamu yangu kurusha."