Doa Nyuma ya Mto

Kila Ijumaa aliporudi kutoka shuleni, Hattie Ormerod hakuingia ndani ya nyumba kwanza. Aliuweka mkoba barazani, akatwaa ufunguo uliotundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, akaenda kuiandaa karavani. Alipanga vikombe visije vikagongana njiani, akafunga makabati na kufuta meza. Karavani ile ilikuwa nyumba ndogo nyeupe ya magurudumu, yenye vitanda, jiko na hata choo, na baba yake aliikokota kwa gari kwenda nayo kambi yoyote ya mapumziko waliyoitaka. Clive Ormerod alikuwa tarishi wa posta katika mji wa Clitheroe, na aliitamani karavani tangu Hattie hajazaliwa. Majirani walipopita aliwaita waje wanuse harufu ya upya.

"Inanukia kama kiatu cha dukani," alisema jirani mmoja.

"Kiatu gani hicho chenye jiko?" Baba alimjibu, akacheka hadi mabega yakatikisika.

Ijumaa hiyo, hata hivyo, Hattie alipofungua mlango hakunusa upya. Alinusa uvundo, kama taulo lililosahauliwa ndani ya begi la kuogelea. Aliufunga mlango nyuma yake, akaenda moja kwa moja hadi kona ya mbele, karibu na kitanda cha mdogo wake Rufus, akauvuta mto mkubwa ulioegemezwa ukutani.

Doa lilikuwa pale pale. Tena lilikuwa limekua. Mwanzoni lilikuwa dogo kama sahani ya kikombe; sasa lilitambaa hadi chini ya dirisha, na katikati yake vilikuwa vimeota vidoa vyeusi vya kuvu. Hattie aliugusa ukuta. Ulibonyea kama mkate uliolowa chai.

Alivifuta vidoa kwa kitambaa, akaurudisha mto mahali pake.

Mambo yalianza mwezi Aprili, safari yao ya kwanza ya kwenda maziwani. Asubuhi hiyo Hattie alikaanga soseji, moshi ukajaa, akafungua dirisha la paa. Baba alikwisha kuwaonya kuhusu dirisha hilo. "Mkiliacha wazi mvua ikanyesha, tumekwisha," alisema, na siku hiyo hakuwa akitania. Kisha wote wakaenda kutembea kando ya ziwa, na Hattie akasahau. Mvua iliwakuta njiani. Alitimua mbio mbele ya wenzake, akalifunga dirisha, na alipogeuka akaona godoro la Rufus limelowa kwenye kona. Aliligeuza upande wa chini ukawa juu, akapangusa maji ukutani kwa taulo lake mwenyewe. Mama alipoingia na kuuliza mbona anahema hivyo, alijibu, "Nilikuwa nashindana na mvua."

Alidhani yameisha. Lakini safari iliyofuata kona ilikuwa mbichi tena, na iliyofuata pia, ingawa dirisha la paa sasa alilikagua hata mara mbili kabla ya kutoka. Alijiambia kwamba ni maji yale yale ya Aprili yaliyobaki ndani ya ukuta. Akaleta mto mkubwa kutoka sebuleni, akasema unapendeza pale. Mama akamsifu kwa jicho zuri la kupamba. Sifa ile ilimchoma kuliko kofi.

Jumamosi asubuhi waliamka kambini, kando ya mto Ribble. Denise, mama yake, alikuwa akimimina maziwa kwenye bakuli la Rufus. Rufus alikuwa na umri wa miaka sita, na alikuwa na pumu. Alichukua kijiko kimoja, akakirudisha mezani.

"Kula, baba," Mama alimbembeleza.

"Siwezi... kula... na kupumua," Rufus alisema, na kila neno alilitoa kwa shida.

Mama aliuacha ule mfuko wa maziwa mezani, akaitafuta pampu ya dawa. Rufus alivuta, akangoja, akavuta tena. Kifua chake kilipiga filimbi nyembamba, mabega yakipanda na kushuka. Baba alikuwa ameshika funguo za gari, amesimama mlangoni bila kujua aingie au atoke. Hattie alikaa kwenye kona, mgongo ameuegemeza kwenye mto, kana kwamba mtu angekuja kumnyang'anya.

Zahanati ya mji ilikuwa karibu. Dawa ilimtuliza Rufus, na rangi ikamrudia usoni. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya pole, aliuliza maswali mengi. Je, nyumbani wanafuga paka? Je, kuna mtu anayevuta sigara? Je, mahali anapolala mtoto pana unyevu, pana kuvu?

"Hapana," Mama alijibu upesi. "Nyumba yetu ni kavu. Na mwisho wa wiki analala kwenye karavani, na ile ni mpya kabisa."

"Mpya kabisa," Baba alikazia.

Hattie alitazama viatu vyake. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na haya hayakuwa maradhi yake yeye, yalikuwa ya mtoto aliyekaa mapajani mwa mama yake akichezea kifungo cha koti.

"Mama," alisema. "Si kavu. Nyuma ya ule mto pana doa."

Waliporudi kambini Baba aliuvuta mto. Alipiga magoti mbele ya ukuta ule, akaubonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama.

"Limekuwepo tangu lini?" aliuliza.

"Muda kidogo," Hattie alijibu. Habari ya dirisha la paa hakuitaja.

Baba alimpigia simu Bwana Purvis, yule mwuzaji aliyewauzia karavani. Siku ya kununua Bwana Purvis aliwapa chai na biskuti na kumwita Baba "rafiki yangu". Baadaye mlango wa kabati ulipodondoka na bomba kuanza kuvuja, aliwaambia hivyo ni vitu vidogo, wavumilie. Sasa Baba aliiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Unyevu?" sauti ya Bwana Purvis ilicheka. "Ni pumzi zenu hizo, bwana. Watu wanne kwenye chumba kidogo, aaah! Fungueni madirisha."

"Ukuta unabonyea, Bwana Purvis. Mwanangu ametoka kwa daktari sasa hivi."

"Pole sana. Ila mafundi wetu wamebanwa hadi Septemba. Nikuandikie Septemba?"

"Usiniandikie. Nakuja."

"Leo?"

"Sasa hivi, na karavani nyuma yangu."

Wakashika njia ya kwenda kwenye yadi ya Bwana Purvis, alikouzia karavani zake. Rufus alisinzia. Mvua nyepesi ilianza kupiga kioo, na kila tone Hattie aliliona kama linamnyooshea kidole. Alifikiri: kama ni mimi niliyeiharibu, Baba atapigana bure, na wataaibika mbele za watu. Kisha alifikiri: kama nikisema, karavani imekwisha. Aliyazungusha mawazo hayo mawili hadi kichwa kikamuuma.

Yadi ilijaa karavani zilizopangwa kwa safu, zote zinang'aa. Bwana Purvis alitoka na mwavuli, na nyuma yake akaja mwanamke mnene mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi. Alikuwa Bi Threlfall, mkuu wa karakana. Aliingia ndani, akagusa ukuta, akaubandika mgongo wa mkono wake pale kama mtu anayempima mtoto homa.

"Huu umekula maji, tena siku nyingi," alisema.

"Swali ni maji ya nani," Bwana Purvis alidakia. "Dhamana yetu inahusu makosa ya kiwandani. Mteja akiacha dirisha wazi mvua ikaingia, hilo si letu. Bwana Ormerod, mliwahi kuacha dirisha la paa wazi?"

"Hata siku moja," Baba alisema. "Mimi nimeshika vifurushi vya watu miaka yangu yote ya kazi, hakijalowa hata kimoja. Nitaacha mvua inyeshee nyumba yangu mwenyewe? Naapa mbele ya—"

"Baba, usiape!"

Wote waligeuka. Hattie alisogea mbele.

"Niliacha mimi," alisema. "Aprili, kule maziwani. Nilisahau. Maji yakaingia, nikageuza godoro, nikanyamaza."

Uso wa Baba ulisawijika. Mama alifumba macho. Bwana Purvis alifunga mwavuli wake taratibu, na tabasamu likamjia pembeni ya mdomo.

"Basi, mambo yamejieleza yenyewe. Asante, binti, kwa ukweli wako."

"Ngoja kwanza," Bi Threlfall alimkata. Aliinama hadi macho yake yakalingana na ya Hattie. "Ulisema uligeuza godoro. Na ukuta je, uliukausha?"

"Ndiyo. Kwa taulo langu. Ukakauka kabisa, niliugusa. Lakini mvua iliyofuata ukalowa tena."

"Na dirisha la paa?"

"Lilikuwa limefungwa. Nilikagua kila mara. Niliogopa sana, ndiyo maana nilikuwa nakagua. Mvua ikija, panalowa. Jua likija, panakauka kidogo. Tena maji hayatoki juu. Yanachuruzika kutoka hapa, chini ya dirisha la mbele."

Bi Threlfall alinyooka. "Purvis, niletee mpira wa maji."

"Lakini Bi Threlfall, mtoto mwenyewe amekwisha kukiri kwamba—"

"Amekiri lake. Sasa tuangalie letu."

Walifunga kila dirisha. Hattie, Baba na Bi Threlfall walibaki ndani wameinamia ile kona, na nje fundi akamwagia ukuta wa mbele maji kwa mpira. Yalivuma kwenye bati kama mvua ya radi. Hattie alikodoa macho kwenye ukuta. Hakuna kitu. Maji yaliendelea kuvuma, na bado hakuna kitu. Bwana Purvis alichungulia mlangoni, akatazama saa yake. Labda kweli ni yeye tu. Labda yale mengine aliyaota kwa woga.

Kisha, chini ya fremu ya dirisha, kikatokea kijishanga cha maji. Kikaning'inia, kikanenepa, kikateremka ukutani. Kingine kikafuata, halafu vikaungana vikawa uzi mmoja unaong'aa.

"Hayo hapo," Baba alinong'ona.

Bi Threlfall alitoka nje, akapanda ngazi, akapitisha ukucha chini ya ukanda wa fremu. "Gundi ya kuzibia haikufika huku pembeni," aliita kutoka juu. "Pana uwazi wa kuingiza kisu. Hii imetoka kiwandani hivi, na sisi tukaipokea bila kuikagua." Aliposhuka alimkabili Baba. "Bwana Ormerod, samahani. Ukuta wote wa mbele tutaubomoa na kuujenga upya, bila gharama kwenu. Tukishindwa kuutengeneza sawasawa, sheria inakuruhusu kuirudisha karavani na kudai pesa zako, na mimi mwenyewe nitakuwa shahidi. Na hiyo habari ya Septemba, isahau. Jumatatu tunaanza."

Bwana Purvis alifungua tena mwavuli wake, ingawa mvua ilikuwa imekwisha kukatika.

Matengenezo yalichukua sehemu kubwa ya kiangazi. Walikosa wiki yao ya likizo pwani, Rufus akanuna, na Baba kwa siku kadhaa alizungumza na Hattie kwa maneno machache kuliko kawaida. Hakumfokea. Alimwambia tu, "Nilitaka kuapa, mwanangu. Ungeniacha niape uwongo bila kujua." Hattie alilia jikoni, Mama akamwacha alie hadi amalize, kisha akampa viazi amenye.

Siku ya kuichukua karavani, ukuta mpya ulikuwa mkavu na mgumu. Bi Threlfall aliumwagia maji tena mbele ya macho yao, na Baba akakaa ndani akipapasa kila pembe. Hattie alizunguka polepole, akifungua na kufunga kila kitu. Kwenye dirisha la nyuma alisimama.

"Samahani," alisema kwa sauti ambayo watu wote waliisikia. "Komeo hili halishiki."

Bi Threlfall alilijaribu, na kweli halikushika. "Mnataka kuniuzia huyu?" alimuuliza Mama. "Nina kazi hapa karakana."

"Huyu hauzwi," Baba alijibu, na mkono wake ukatua juu ya kichwa cha Hattie. Ulikuwa umekosekana pale kwa muda.

Njiani, karavani ikiwafuata nyuma, Hattie aliuliza lile swali lililomkaa moyoni tangu siku ile.

"Mama, na kama ingekuwa ni mimi kweli? Kama maji yote yangekuwa yametoka kwenye dirisha nililoliacha?"

Mama alimtazama Rufus aliyekuwa akiimba peke yake, kifua chake kikiwa safi.

"Tungelia kidogo," alisema. "Tungepata hasara, tungeuziba ukuta taratibu, na mdogo wako angelala pakavu. Kosa la kusahau dirisha, Hattie, lingekauka kwa siku moja. Kuficha ndiko kulikomlaza Rufus kwenye kuvu miezi mizima. Duka lilikosea likafunika kwa maneno matamu, nawe ulikosea ukafunika kwa mto. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, doa likiwa bado dogo. Sisi ni wazazi wako; tutakukasirikia, halafu tutachukua taulo."

"Na mimi nitashika taulo jingine," Baba alisema, macho yake yakiwa barabarani.