Tone la Pampu ya Kwemlinga

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Mwaija alipeleka uji kwenye kibanda cha pampu. Njia ilishuka kutoka kwao, ikapita katikati ya mahindi yaliyokauka kabla ya kubeba, ikaishia kwenye lambo. Mwaka huo jua lilikuwa limeibana Handeni, na lambo lilisinyaa mpaka kingo zake za tope zikapasuka. Mtoto mwingine angefika upesi. Mwaija alichelewa kila siku, kwa kuwa njiani kulikuwa na mambo ya kushughulikia: bawaba ya mlango iliyolegea, kigingi cha mbuzi kilichong'oka, waya wa uzio uliokatika. Alikuwa darasa la sita, na mikono yake haikujua kukaa.

"Huyu hata akilala vidole vinacheza," mama yake, Mwantumu, alizoea kusema, na hakuwa akimsifu.

Mwangalizi wa pampu ya Kwemlinga alikuwa mjomba wake, Jabiri. Pampu ilivuta maji lamboni na kuyasukuma hadi kwenye tangi la kilimani. Kutoka huko yaliteremka kwenye mabomba ya kijiji na kwenye birika refu la saruji ambako wafugaji walinyweshea ng'ombe. Pampu ilikuwa hiyo moja tu. Ikinyamaza, watu na mifugo yao walirudi kugombania tope.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Weka hapo, nina grisi mikononi."

Mwaija aliweka uji akachuchumaa. Alipenda kutazama shafti, ule mtaimbo mnene unaotoka nje, unakoviringishwa na mkanda wa injini, na kuingia ndani ya pampu. Pale ulipoingilia palibanwa na kola ya chuma yenye nati mbili. Na hapo ndipo palipomnyima raha. Maji yalidondoka, kukawa kimya kidogo, yakadondoka tena, ndani ya kopo la rangi lililowekwa chini. Kwa desturi ya pale, maji ya kopo yalikuwa ya ndama wa kwanza kufika asubuhi. Mara nyingi alikuwa ndama wa Naitoi, rafiki yake wa darasani, binti wa mfugaji Moreto.

"Mjomba, inavuja."

"Haivuji. Inadondosha."

"Tofauti yake nini?"

"Tofauti yake ni kwamba usiguse," alisema Jabiri, akacheka, akageukia injini. Swali likaishia hapo.

Kwa Mwaija halikuishia hapo. Shuleni alikuwa mkaguzi wa mabomba wa klabu ya mazingira. Mwalimu wao aliwafundisha kwamba bomba linalodondosha humwaga ndoo nzima bila mtu kujua, akamkabidhi Mwaija spana kuukuu. Tangu siku hiyo bomba lolote lililolegea lilikiona. Bomba la jirani yao alilikaza hata bibi wa watu akashindwa kulifungua, ikabidi aitwe kijana wa kulilegeza. Na sasa, wakati kina mama wanapanga foleni na kusemezana kuhusu maji yanayopotea, pampu yenyewe ilikuwa inadondosha mchana kutwa mbele ya mjomba wake, naye anakunywa uji.

Jumamosi moja, birika la ng'ombe lilikataa kujaa. Jabiri akahisi kuna kitu kimeziba juu kwenye tangi.

"Mwaija, kaa hapa. Sikiliza injini tu. Mlio ukibadilika, niite. Usiguse kitu."

"Sawa, mjomba."

Alikaa. Akasimama. Akazunguka kibanda, akakaa tena. Naitoi alikuja, akamnywesha ndama maji yote ya kopo, akaondoka. Kopo likabaki tupu, na matone yakaanza kugonga bati lake, tang, tang, kila moja likimwingia Mwaija masikioni na kumchokoza. Akatazama kilimani. Mjomba alikuwa mbali, mgongo wake tu ndio ulioonekana. Spana ilikuwa mfukoni.

Alikaza nati ya kwanza, kisha ya pili, akairudia ya kwanza kwa mikono yote miwili. Matone yakapungua. Likaja moja la mwisho, likaning'inia, halikudondoka. Mwaija alipumua kwa raha kubwa. Alipanga kumshtua mjomba kwa habari hiyo jioni, akiwa ametulia.

Lakini Jabiri alirudi na haraka zake, huku ng'ombe wa Moreto wameshaanza kusukumana birikani. Hakulishangaa kopo kuwa tupu, kwa kuwa alijua ndama keshapita. "Ahsante, mwanangu. Nenda nyumbani," akasema.

Mwaija alikuwa anapepeta mahindi na mama yake iliposikika harufu kama ya gunia linaloungua. Kisha mlio. Injini iliguna, mkanda ukapiga kelele kali, halafu kimya. Kimya hicho kilisikika kijiji kizima. Watu walitoka nje wakatazama upande wa lambo.

"Pampu hiyo," alisema mama yake.

Mwaija aliweka ungo chini. Tone lilikuwa limekatika, na sasa pampu imesimama. Hakujua mambo hayo mawili yanahusianaje, ila alijua yanahusiana.

Kesho yake asubuhi mabomba yalitoa pumzi, halafu hata pumzi yakaacha. Maneno nayo yakaanza kutembea. Ilisemwa Jabiri alilala. Ilisemwa aliacha injini akaenda kupiga soga. Mzee Ukasha, mwenyekiti wa kamati ya maji, alitangaza kwamba fundi ameshaitwa kutoka Korogwe, na kwamba watu wakutane kibandani, kwa kuwa ufunguo wa pampu haustahili kukaa kwa mtu asiye makini. Jabiri alikuja kwa dada yake akaketi kwenye kigoda, uji hajaugusa.

"Nakumbuka kila kitu nilichofanya," alisema. "Grisi nilitia. Mkanda niliukagua. Au nimeanza kuzeeka, Mwantumu? Au kuna kitu nimesahau na sijui kama nimekisahau?"

Mwaija aliinuka akaenda kufagia uani. Alipomaliza akafagia tena palepale. Akachukua ndoo, akakumbuka hakuna maji, akairudisha. Mara tatu alimwendea mjomba wake, na kila alipofungua kinywa alimwona akimtazama kwa upole, na upole ule ndio uliomfunga ulimi. Akajiambia kwamba fundi akija atatengeneza tu, na jambo litapita bila kutajwa.

Njiani kuelekea kibandani alikutana na Naitoi. Ndama hakuwepo.

"Amelala chini, hataki kuinuka," alisema Naitoi. "Baba anasema mjomba wako alisinzia. Ni kweli?"

"Sijui," alijibu Mwaija. Neno hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Akaongeza mwendo ili asiulizwe lingine.

Fundi alikuwa mama mmoja wa makamo, Fundi Maryamu, aliyewahi kufanya kazi kwenye viwanda vya mkonge kabla ya kufungua karakana yake Korogwe. Ndiye aliyeitengeneza pampu hii mara ya mwisho. Alifika na pikapu na sanduku la vifaa. Aliushika mkanda akautoa, akajaribu kuizungusha shafti kwa mkono. Haikujongea hata kidogo.

"Nati hizi za kola, umezigusa karibuni?" alimuuliza Jabiri.

"Sijazigusa tangu ulipoziacha wewe."

"Na mtu mwingine?"

"Hapa hagusi mtu ila mimi."

Fundi alitikisa kichwa. "Kama ni hivyo, beringi zinazobeba shafti zimekwama ndani, na huenda shafti imepinda. Kazi hii haifanyiki hapa. Pampu inakwenda Korogwe, na shafti ikihitajika mpya itaagizwa. Siwezi kuwaahidi siku."

Watu waliguna. Vijana wakaanza kufungua bolti zinazoishikilia pampu kwenye saruji. Moreto, aliyekuwa ameegemea fimbo yake, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ng'ombe hawawezi kusubiri shafti ya kuagizwa. Kesho nahama nao kwenda upande wa Mazinde. Watoto pia." Naitoi, aliyesimama nyuma yake, aliinamisha kichwa.

"Jabiri," alisema Mzee Ukasha, akinyoosha mkono, "lete ufunguo."

Jabiri aliingiza mkono mfukoni. Hakubishana. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwa uzi wa katani, na ule uzi ulinasa kwenye shati, akawa anahangaika kuunasua mbele ya watu wote. Mwaija hakuweza kulitazama jambo hilo.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Vijana walikuwa tayari wamekwishainua pampu upande mmoja.

"Nati nilizikaza mimi," alisema tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Jana, mjomba alipokwenda kwenye tangi. Nilidhani inavuja."

Mama yake alijishika kinywa. Jabiri aliacha kuunasua ule uzi. Fundi Maryamu ndiye pekee ambaye hakuonyesha mshangao. Alimsogelea Mwaija akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa.

"Ulikaza kiasi gani?"

"Mpaka tone likakatika."

"Zote mbili?"

"Zote. Kwa hii." Akatoa spana mfukoni.

Fundi alisimama. "Ishusheni chini hiyo pampu," aliwaambia vijana.

Alilegeza nati ya kwanza, kisha ya pili, akaivuta kola nyuma. Kwa kijichuma kilichopinda ncha akachokoa mle ndani, akatoa vipande vyeusi vya kamba iliyoungua, vinavyovunjika vidoleni kama mkaa. Akavitoa vyote. Halafu akaweka kiganja juu ya shafti na kusukuma. Ilikuwa nzito mwanzoni, kisha ikazunguka, laini, duara zima. Aliinamisha sikio akaizungusha tena.

"Beringi ni nzima, na shafti haijapinda," alisema. Akajifuta mikono, akaongeza, "Na mimi nilipaswa kulegeza nati kabla ya kuzihukumu beringi. Nilifuata nilichoambiwa."

Pikapu haikupakia kitu. Fundi alitoa kwenye sanduku kamba ya kuzibia iliyolowa grisi, akaikata vipande vya pete, akavipanga kimoja baada ya kingine kuizunguka shafti. Mwaija alitakiwa kushika kopo la grisi. Watoto wote wa kijiji walijisogeza, na fundi, bila kuacha kazi, akawaeleza.

"Kamba hii inazuia maji yasitoke. Lakini shafti inazunguka kwa kasi ikiisugua. Vikisuguana vikavu, vinaungua. Kwa hiyo tunaacha maji machache yapenye katikati, yalainishe na kupoza. Injini ina oili yake, beringi zina grisi yake, na kamba hii ina tone lake. Bomba la nyumbani halina kitu kinachozunguka ndani, hilo likidondosha likaze. Mwalimu wenu hakukosea. Hii ni mashine nyingine." Akamgeukia Mwaija. "Lete spana yako."

Pampu ilifungwa tena kwenye saruji, mkanda ukarudishwa, injini ikawashwa. Shafti ikazunguka, na maji yakatoka kwenye kola kwa wingi, yakamrukia Mwaija miguuni.

"Kaza kidogo," alisema fundi. "Subiri. Upande wa pili nao, kiasi kilekile. Subiri tena. Usiwe na haraka."

Kusubiri ndiko kulikokuwa kugumu. Mwaija alikaza kidogo, akauondoa mkono, akasubiri. Mchirizi ukawa mwembamba. Akakaza tena, akasubiri tena. Mchirizi ukakatika ukawa matone, moja, kimya kidogo, jingine.

"Acha hapo."

Mwaija aliacha. Jirani yao, yule bibi wa bomba, akasema kwa nguvu, "Jamani, leo mtu kaambiwa aache bomba likidondosha, na ni huyu." Watu wakacheka, hata Moreto, ambaye alikuwa ameanza kuwapigia vijana wake mluzi walete ng'ombe birikani. Naitoi alichukua kopo kabla halijajaa, akakimbia nalo kwa ndama.

Mzee Ukasha alimsogelea Jabiri. "Nilikuhukumu kabla ya fundi kumaliza kazi yake," alisema. "Uniwie radhi. Ufunguo ni wako."

Watu walipotawanyika, Jabiri alimwita Mwaija akamketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwaija alijua lazima liwepo la kuambiwa, akaibana mikono magotini ili itulie.

"Ulikosea mara mbili," alisema mjomba wake. "Ulipokaza nati, ulikuwa hujui. Kosa hilo tunagawana, maana nilikukataza bila kukueleza sababu, na mtoto kama wewe huhitaji sababu. Lakini tangu jana pampu ilipozima, ulijua. Ulinisikia nikijiuliza kama nimezeeka, ukaenda kufagia. Kosa hilo ni lako peke yako."

Machozi yalimtoka Mwaija. "Niliogopa, mjomba."

"Najua. Hata mimi ningeogopa. Ila sikiliza. Fundi hawezi kutengeneza kitu alichofichwa habari zake, hata awe hodari namna gani. Ungenyamaza muda kidogo tu, pampu ingekuwa njiani kwenda kufunguliwa bure, na Naitoi angekuwa njiani kuhama. Ukiharibu kitu, sema siku hiyohiyo, uharibifu ungali mdogo. Aibu yake hupita. Leo imepita, hujaona?"

Mwaija aliitikia kwa kichwa. Kwa kweli ilikuwa imepita, na hakujua imepita saa ngapi.

Asubuhi iliyofuata alileta uji kama kawaida, amechelewa kama kawaida. Jabiri alimwonyesha kopo kwa kidevu.

"Kuanzia leo kazi yako ni kuniambia kila asubuhi tone linadondoka namna gani. Likizidi, sema. Likikatika, kimbia uniite. Spana itakaa kwangu mpaka ujue kusubiri."

Mwaija aliitoa mfukoni akamkabidhi. Kisha akachuchumaa mbele ya shafti. Vidole vilimwasha, akavifumba. Tone likajaa, likaning'inia, likadondoka.

"Linadondoka vizuri, mjomba," alisema, na akabaki palepale kulisubiri jingine.