Vitabu Vitatu vya Baba Kristina

Luciana aliamka kabla ya jua, kama kila siku. Alifagia uwanja. Alikamua ng'ombe. Kisha akaenda kwenye kihenge kuchota uwele wa kusaga. Ilikuwa miezi ya mwisho kabla ya mavuno, na uwele ulikuwa umeshuka sana. Aliingiza mkono mpaka begani. Vidole vyake vikagusa kitu cha baridi.

Lilikuwa kopo la tumbaku. Ndani ya kopo mlikuwa na kitabu kidogo cha akiba ya posta.

Luciana alisoma madarasa matatu huko misheni. Alifuata herufi kwa kidole, taratibu. Mughwai Ntandu. Alisimama kidogo akifikiri, halafu akaanza kucheka peke yake. Mughwai ni jina ambalo mume wake alipewa na bibi yake alipozaliwa. Tangu alipobatizwa, watu wa Ilongero walimwita Antipasi.

Antipasi alikuwa amekaa nje, anaota jua.

"Baba Kristina," Luciana alisema, "nimekuta mtu ndani ya uwele."

"Mtu gani?"

"Anaitwa Mughwai. Ana fedha zake posta."

Antipasi alicheka, kisha akashika tumbo. Alikuwa na ngiri, na kucheka kulimuumiza. Daktari wa misheni alikwisha sema ni lazima apasuliwe. Baada ya wiki mbili lori lingempeleka hospitali kubwa, safari ya siku mbili.

"Kitabu hicho ni cha Sekenke," alisema. "Nilipokuwa nachimba dhahabu. Nilikuwa bado sijabatizwa. Rudisha mahali pake."

"Kipo kingine?"

"Vipo viwili."

"Yesu wangu! Viko wapi?"

"Kimoja kiko darini, juu ya mlango. Nilikifungua nilipofanya kazi ya reli Kintinku."

"Na cha tatu?"

Antipasi alitazama upande wa zizi. "Kipo."

"Kipo wapi?"

"Mama Kristina, kipo mahali pake. Kiache."

Luciana hakubishana. Alirudi kusaga. Lakini jiwe la kusagia lilikuwa zito siku hiyo. Walikuwa na watoto wanne. Kristina, mkubwa wao, alikuwa na miaka kumi na minne. Je, kama Baba Kristina asingerudi kutoka hospitali? Nani angekijua hicho kitabu cha tatu?

Mchana jirani yao Elizabeti alipita. Alikuwa mjane. Miguu yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi.

"Umetoka mjini tena, dada?" Luciana aliuliza.

"Nimetoka mjini. Hii ni safari ya saba." Elizabeti alikaa chini akavua viatu. "Marehemu Leonidas aliniambia ana akiba posta. Basi. Hakuniambia aliandikisha jina gani. Kitabu sijakiona. Namba siijui. Karani ananihurumia, lakini ananiuliza, mama, nitafute nani? Leonidas wako wengi."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitaenda ya nane. Nifanye nini?"

Luciana alimpa uji. Jioni akamweleza mume wake maneno ya Elizabeti, yote. Antipasi alisikiliza huku anamega ugali.

"Kwa hiyo unanizika?" alisema. "Unanizika na bado nakula ugali wako?"

"Sikuziki."

"Mtu akianza kugawa vitu vyake, kifo kinasikia. Kinasema, kumbe huyu amekwisha funga mzigo, ngoja nimchukue."

"Hebu kula mlenda," alisema Luciana. Alimsogezea bakuli. Lakini usiku huo usingizi ulimjia kwa shida.

Jumamosi Idrissa alikuja Ilongero kwa baiskeli. Alikuwa karani wa posta Singida mjini, na mama yake alikaa jirani na kina Luciana. Kila Jumamosi alikuja kumwona mama yake. Luciana alimwita.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Luciana. "Karibu kiti. Mzee wako ana vitabu vitatu vya posta, kila kimoja na jina lake. Mwambie kama ni vizuri."

Antipasi alimtazama mke wake kwa jicho la pembeni. "Umeniletea serikali nyumbani."

Idrissa alicheka. "Mzee, mimi si serikali, mimi ni mtoto wa jirani. Vitabu vimeandikwa majina gani?"

"Cha kwanza Mughwai Ntandu. Cha pili Antipasi Ntandu. Cha tatu..." Antipasi alikohoa. "Cha tatu Antipasi Sekenke."

"Sekenke?" Luciana alishangaa. "Hilo ni jina la mahali!"

"Si watani wa hapa wananiita hivyo? Nimetoka Sekenke, wananiita Sekenke. Karani aliniuliza jina, nikasema."

Idrissa hakucheka tena. Alisema polepole, "Mzee, posta haimjui mtu kwa sura. Inamjua kwa jina na namba. Kwetu sisi nyinyi ni watu watatu. Ukiwa hai, unaweza kuja mwenyewe na kueleza. Ukiwa hupo, nani ataeleza? Mama akija na kitabu cha Sekenke, atapata wapi barua ya kusema mume wake ni Sekenke? Kodi unalipa kwa jina gani?"

"Antipasi Ntandu."

"Basi hilo ndilo jina lako kila mahali. Jumbe anakujua tangu utoto. Aandike barua kwamba hawa watatu ni mtu mmoja. Ulete barua na vitabu vyote. Tutavipeleka makao makuu, kije kitabu kimoja."

"Nikisema habari za fedha, ndugu watakuja kuomba. Na wezi watasikia."

"Si lazima useme kuna kiasi gani, mzee. Kiasi ni siri yako. Lakini mama ajue kwamba kitabu kipo, kipo wapi, na kwa jina gani. Namba iandikwe kwenye karatasi nyingine, ikae mbali na kitabu. Kitabu kikiungua, namba ipo. Halafu andika wosia. Sema nani apate nini. Watie saini mashahidi wawili, na mashahidi hao wasiwe watu wa kurithi. Tena, usitie kidole gumba kwenye karatasi tupu, hata kama ni mtu wako ameileta."

 Antipasi alichora ardhi kwa fimbo. "Maneno yako ni mazuri," alisema mwishowe. "Nikirudi hospitali nitafanya."

Idrissa alimtazama Luciana. Luciana alikaa chini karibu na miguu ya mume wake.

"Baba Kristina, ng'ombe wako wangapi?"

"Unawajua."

"Nyumbani wako wawili. Wengine saba wako kwa watu. Yule mwekundu yuko kwa nani?"

"Kwa Mazengo, Kintinku."

"Siku ulipompeleka kwa Mazengo, ulienda peke yako?"

"Ningeendaje peke yangu? Nilikwenda na Paskali. Ng'ombe hawekwi kwa mtu bila shahidi."

"Na uliporudi, ulimwambia nani?"

"Nilikuambia wewe. Nikawakalisha watoto wote pale nikawaambia. Yule wa pembe moja yuko Mtinko, mwekundu yuko kwa Mazengo, akizaa ndama wa kwanza ni wake, wa pili ni wetu. Hata yule mdogo anayaimba maneno hayo."

"Ulifanya hivyo mwaka gani?"

"Miaka sita sasa."

"Na kifo kilisikia?"

 Idrissa aliinamisha kichwa asionekane anacheka.

"Ng'ombe wako wana mashahidi," alisema Luciana, na sauti yake ilikuwa laini. "Fedha zako ni yatima. Mimi sitaki fedha, mume wangu. Nataka urudi na tumbo zima. Lakini usinipeleke barabara ya Elizabeti."

Antipasi aliweka mkono juu ya kitambaa cha kichwa cha mke wake. 

"Mwiteni Paskali," alisema. "Aje na moto."

"Moto wa nini?" aliuliza Idrissa.

"Kitabu cha tatu nilikiweka kwenye mzinga nyuma ya zizi. Ulikuwa mtupu. Nikasema hakuna mwizi atakayechungulia mzinga. Sasa nyuki wamehamia."

Luciana alipiga makofi kwa mshangao. "Baba Kristina! Umewapa nyuki watulindie benki?"

"Wamelinda vizuri," alisema Antipasi. "Mimi mwenyewe wamenifukuza mara mbili."

Paskali alikuwa katekista wa kijiji, tena fundi wa kurina asali. Alikuja na moshi wake. Alitoa masega, kisha akatoa kifurushi cha ngozi kilichoganda nta. Kitabu kilikuwa kizima. Nyuki alimuuma Idrissa sikio, na Kristina akampaka asali huku anajizuia kucheka.

Kesho yake baada ya misa, Antipasi alikwenda kwa jumbe. Jumbe aliandika barua. Siku ya pili Antipasi na Luciana walipanda lori mpaka mjini, wakampa Idrissa barua na vitabu vitatu. Idrissa aliwapa stakabadhi. Jioni Paskali aliandika wosia kwa maneno ya Antipasi, na yeye na jumbe wakatia saini. Nakala moja ilibaki kwa jumbe. Ya pili aliwekewa Luciana kwenye sanduku lake la kanga. Antipasi aliwakalisha watoto uani, kama siku ile ya ng'ombe, akawaambia mahali na jina. Kiasi hakusema.

Siku ya kuondoka kwenda hospitali, alipanda lori akiwa mwepesi. "Sasa nikifa ni bahati mbaya tu," alimwambia mke wake, "si ujinga."

Hakufa. Alipasuliwa, akarudi amekonda, akakuta kitabu kimoja kipya kinamngoja. Antipasi Ntandu. Elizabeti alipoona hivyo, naye alimwomba jumbe barua yenye majina yote ya marehemu, hata la utani. Safari ya tisa ndiyo alipata haki yake.

Antipasi aliishi miaka minane zaidi. Alimwoza Kristina, akawaona wajukuu wawili. Alikufa kwa homa ya mapafu, mwaka wa hamsini na tisa, Luciana akiwa amemshika mkono.

Baada ya matanga, mdogo wa marehemu, Zefania, alikuja kutoka Iramba. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na alijiandaa kwa kikao kirefu. Wosia ulisomwa. Kila mtoto alisikia jina lake. Mjane alisikia fungu lake. Zefania mwenyewe aliachiwa mtamba wa kijivu. Hakuna aliyepata la kubishia, kwa sababu maneno yalikuwa ya marehemu mwenyewe na mashahidi wote wawili walikuwepo. Baraza likampa Luciana barua ya kwenda posta.

"Fedha za posta hazitoki hivihivi, shemeji," alisema Zefania. "Nimeona watu wamelala mjini mpaka chawa wakawajua. Nitakusindikiza."

Akafunga mkeka. Akabeba unga wa siku tano na sufuria.

Karani wa posta alikuwa mgeni. Idrissa alikwisha hamishwa. Karani huyo alisoma barua ya baraza, akatazama kitabu, akalinganisha jina na namba. Alijaza fomu, Luciana akatia saini yake taratibu. Kabla ya saa sita walikuwa nje. Waliambiwa warudi baada ya mwezi mmoja. Baada ya mwezi walirudi, Zefania na unga wake tena, maana bado hakuamini. Fedha zilikuwa tayari.

Zefania alisimama barabarani na mkeka begani, anatazama mlango wa posta.

"Kaka huyu!" alisema. "Hata ugomvi ameninyima."

Luciana alicheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Lete sufuria, shemeji," alisema. "Tutafute kivuli tupike huo unga. Nina njaa."