Kipimo Kisicho na Wodi

Mtoto alikutwa saa nne asubuhi, kitanda namba sita cha wodi ya watoto, hasikii wala haamki. Miaka mitatu, kilo kumi na mbili. Maabara ilikuta katika damu yake dawa ya kifafa kwa kiasi cha mtu mzima.

Adhuhuri haikufika kabla mtuhumiwa hajapatikana. Muuguzi aliyempa dawa alikuwa mke mkubwa wa baba yake. Mtoto ni wa mke mdogo. Mke mdogo alishanyoosha kidole, na nani angemlaumu? Kesho yake muuguzi angefikishwa mahakamani kwa kujaribu kuua.

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, na kituoni walimwita Kupe kwa kuwa hakubanduka. Kesi zilizojileta zenyewe hakuzipenda hata kidogo.

"Nani alikwambia umpe mililita kumi?"

"Kompyuta, afande. Niliandika uzito, ikanipa kumi. Nilishangaa, lakini tumeambiwa tuiamini."

"Kompyuta hiyohiyo sasa inasema mbili."

"Nimeonyeshwa." Alifuta macho kwa kiganja. "Yule mtoto ananiita Mama Mkubwa. Ana kosa gani?"

Mkuu wa kompyuta wa hospitali, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, alimweleza Inspekta kwamba mfumo wake haukosei, binadamu ndio hukosea. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba tangu msaidizi wake aende likizo ya uzazi, nywila ya seva anayo yeye peke yake. Inspekta aliandika hilo daftarini, akamshukuru sana.

Kisha akarudi wodini. Kwenye korido, karibu na kabati la mashuka, palikuwa na kompyuta kuukuu ambayo ukurasa wake wa vipimo vya dawa ulikuwa wazi tangu asubuhi. Akaandika kilo kumi na mbili. Ikajibu mililita kumi. Inspekta alifurahi waziwazi, akamweka konstebo pale na amri moja: asiiguse mtu.

Saa tisa alikuwa nyumbani kwa yule msaidizi, aliyempokea na kichanga begani.

"Ukurasa ulio wazi hubaki na programu ya zamani mpaka ufunguliwe upya," msaidizi alisema. "Hiyo ya korido inakuonyesha mambo yalivyokuwa asubuhi. Mimi kila wodi niliipa nafasi yake ya majina: Watoto.kipimo, Wakubwa.kipimo. Mtu ameyafuta majina ya wodi."

"Kwa hiyo?"

"Zimebaki kanuni mbili za kukokotoa dawa, zote zinaitwa kipimo. JavaScript, lugha iliyoandikiwa mfumo huu, hailalamiki. Inayosomwa mwisho ndiyo inayobaki, na ya wakubwa husomwa mwisho."

"Kama nyumba mbili zina mtoto wa jina moja, ukaita barabarani bila kutaja nyumba."

"Ndivyo. Ila hapa anaitika mmoja tu, aliyefika mwisho."

Mkuu wa kompyuta aliletwa mbele ya ile kompyuta ya korido. Alipoiona kumi, alitafuta kiti.

"Majina ya wodi uliyafuta lini?" Inspekta aliuliza.

"Saa mbili. Mkurugenzi alikuwa anakuja kuona ukurasa wangu wa wakubwa. Niliuandika bila majina ya wodi, ukagoma, nikayafuta kwenye mfumo mzima."

"Kwa nini hukufuata mpangilio uliokuwapo?"

"Yule binti nilimfundisha kazi mimi. Mpangilio wake niliucheka mbele ya watu, nikauita madoido. Ningeuandikaje kwa mkono wangu?"

"Na mtoto alipozimia?"

"Nikayarudisha majina, nisijulikane."

"Ukijua muuguzi ataonekana mwongo."

"Nilijua, afande."

Inspekta alimfunga pingu bila haraka.

Jioni mtoto alifumbua macho. Muuguzi, aliyekwisha kuachiwa, alisimama mlangoni mwa wodi akiogopa kuingia. Mke mdogo aliinuka, akamwachia kiti chake.

"Nisamehe, dada."

"Angekuwa wangu, hata mimi ningeogopa."

Alikaa kidogo, mkono wa mtoto mkononi mwake. Kisha akaenda kitanda namba saba, kulikosubiriwa dawa. Akatoa kalamu, akakokotoa kipimo mwenyewe mara mbili, ndipo akaitazama kompyuta.